Protini za virusi vya malengelenge zinavyoendesha jeni ndani ya seli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa maabara na uuguzi, na watu wanaotaka kujua kwa nini malengelenge hurudi palepale, na wasomaji waliokutana na majina kama ICP4 au VP16 wakashindwa kuyaunganisha. Mfano wetu mkuu ni HSV-1, kirusi cha malengelenge ya mdomoni, kwa kuwa ndicho kilichochunguzwa kwa kina zaidi katika jambo hili. Ndugu zake EBV, CMV na KSHV (swali la 1) vinaingia pale vinapotofautiana nacho. Kila jibu linajitegemea; jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, utaona namba ya swali la kwenda.

## Mambo ya msingi

1. Virusi vya jamii ya herpesi ni vipi?

Vinavyomwambukiza binadamu ni tisa: HSV-1 na HSV-2 vya malengelenge, VZV cha tetekuwanga na mkanda wa jeshi, EBV (kirusi cha Epstein-Barr), CMV (sitomegalovirusi), HHV-6A, HHV-6B, HHV-7, na KSHV kinachosababisha sarkoma ya Kaposi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 wenye umri chini ya miaka 50 wana HSV-1, na wengi wao hawajawahi kuona lengelenge hata moja.

Vyote vina DNA ya nyuzi mbili iliyofungwa ndani ya gamba la protini. Juu ya gamba kuna tabaka nene la protini liitwalo tegumenti, na nje kabisa kuna utando wa mafuta. Kumbuka tegumenti, maana swali la 5 linaanzia hapo. Vyote pia vina tabia moja: vikishaingia mwilini havitoki tena.

2. "Kuendesha jeni" maana yake nini hasa?

Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo, mara nyingi ya kutengeneza protini. Ili protini ipatikane, DNA inakiliwe kuwa RNA, RNA isafirishwe kutoka kwenye kiini cha seli, kisha ribosomu, viwanda vidogo vya kutengeneza protini, ziisome. Kuendesha jeni ni kuamua ipi inakiliwe, lini, kwa kiasi gani, na nakala yake idumu kwa muda gani.

Wengi hudhani uamuzi wote hufanyika mahali pamoja, pale DNA inapoanza kunakiliwa. Virusi vya herpesi havikuacha hatua yoyote. Vina protini inayofungua DNA iliyobanwa, nyingine inayovuta mashine ya kunakili, nyingine inayosindikiza RNA kwenda nje, na nyingine inayokatakata RNA zisizotakiwa.

3. Je, HSV-1 huja na kimeng'enya chake cha kunakili DNA kuwa RNA?

Hapana, na hapa ndipo mambo yote mengine yanapoanzia. HSV-1 kina kimeng'enya chake cha kudurufu DNA, lakini cha kunakili DNA kuwa RNA hakina. Hutegemea kile cha seli, RNA polimerasi ya pili, kilekile kinachonakili jeni za kawaida za protini za mwenyeji. Ni kama mgeni aliyeingia jikoni kwa watu bila sufuria wala mkaa, na bado anataka kuamua kitakachopikwa.

Ndiyo maana protini nyingi utakazozisoma hapa kazi yake ni kushikana na protini za seli. Chache kati yake hufanya kazi zikiwa peke yake.

4. Kwa nini jeni zote zisiwashwe kwa mpigo?

Kwa sababu hazihitajiki kwa wakati mmoja. DNA ya HSV-1 ina herufi takribani 152,000 na jeni zinazokaribia 80, na huwashwa kwa mafungu matatu: jeni za mwanzo kabisa (alfa), za mapema (beta), na za mwisho (gama). Alfa ni wasimamizi. Beta hutengeneza vifaa vya kudurufu DNA. Gama hutengeneza gamba, tegumenti na protini za utando.

Utaratibu huu ulielezwa mwaka 1974 na Robert Honess na Bernard Roizman katika Chuo Kikuu cha Chicago, na jaribio lao linafaa kuangaliwa kwa karibu. Waliambukiza seli zilizowekewa sikloheksimidi, dawa inayozuia ribosomu kutengeneza protini yoyote. RNA za virusi ziliendelea kurundikana. Dawa ilipoondolewa, na wakati huohuo kunakili RNA mpya kukazuiwa, protini zilizotokea zilikuwa za kundi la alfa tu. Maana yake ni kwamba jeni za alfa hunakiliwa bila kusubiri protini mpya ya kirusi, na kundi linalofuata haliwaki mpaka protini za alfa ziwepo. Jaribio la namna hii bado hutumika leo kirusi kipya cha jamii hii kinapochunguzwa.

## Kirusi kinapoingia

5. Kama jeni za alfa hazisubiri protini mpya, nani huziwasha?

VP16. Protini hii husafiri ndani ya tegumenti, kwa hiyo inaingia kwenye seli pamoja na kirusi ikiwa tayari imetengenezwa. Ikifika hushikana kwanza na HCF-1, protini ya seli inayoisindikiza hadi ndani ya kiini. Humo hukutana na Oct-1, protini nyingine ya seli ambayo kazi yake ya kila siku ni kukaa juu ya DNA. Watatu hao hukaa pamoja juu ya mfuatano wa herufi uitwao TAATGARAT (R ni A au G), uliopo mbele ya jeni za alfa. Mkia wa VP16 ndio unaoita mashine ya kunakili.

Linalowachanganya wanafunzi ni kwamba VP16 yenyewe ni zao la jeni ya mwisho. Inatengenezwa mwishoni mwa maambukizi ya seli moja, inapakiwa kwenye kirusi kipya, na kazi yake ya kuwasha inafanyika kwenye seli inayofuata. Ukielewa hivyo, mzunguko mzima unaeleweka.

Mkia huo una nguvu kiasi kwamba umekuwa chombo cha maabara duniani kote. Watafiti wanaotumia CRISPR, zana ya kulenga jeni mahususi, kuwasha jeni bila kuikata, mara nyingi hubandika VP64, yaani kipande kidogo cha mkia wa VP16 kilichorudiwa mara nne.

6. Seli haijitetei?

Hujitetea mara moja. DNA ya HSV-1 ikiwa ndani ya gamba haina histoni, zile protini ambazo DNA ya seli huzungushiwa. Ikishaingia kwenye kiini, seli huanza kuivika histoni na kuibana isisomeke. Wakati huohuo vidoa vidogo ndani ya kiini, vyenye protini kama PML, Sp100, Daxx na ATRX, hukusanyika pale DNA ngeni ilipo na kuikandamiza.

Kirusi hujibu kwa ICP0, protini ya alfa ambayo ni ligasi ya yubikwitini: hubandika alama kwenye protini za seli, na zilizobandikwa hupelekwa kuharibiwa. PML na Sp100 ni miongoni mwa wahanga wa mapema. Saa chache baada ya maambukizi, ukipaka seli rangi ya kuonyesha PML na kuitazama kwa darubini, vidoa vilivyokuwa vinang'aa havipo tena. Sehemu kubwa ya maelezo haya ilitokana na kazi ya miaka mingi ya Roger Everett na wenzake huko Glasgow.

Kirusi kisicho na ICP0 hakifi. Seli ikiingiwa na virusi vingi kwa pamoja, hukua karibu kama kawaida. Vikiwa vichache, hukwama. Na kwenye seli za U2OS, zilizotokana na saratani ya mfupa, hukua vizuri hata vikiwa vichache, kwa sababu kinga hii ya ndani ya kiini ina upungufu humo. Hivyo ICP0 haiwashi jeni fulani moja kwa moja; huondoa kizuizi.

CMV kilitatua tatizo hilohilo kwa njia yake: protini ya tegumenti iitwayo pp71 huiharibu Daxx kabla hata jeni ya kwanza ya kirusi haijawaka.

## Wasimamizi wa kundi la alfa

7. Protini za alfa za HSV-1 ni zipi, na zote husimamia jeni?

Zinazotajwa siku zote ni tano: ICP0, ICP4, ICP22, ICP27 na ICP47. Nne za kwanza husimamia jeni. ICP47 kazi yake ni nyingine: huziba TAP, mlango unaopitisha vipande vya protini ili seli ivionyeshe kwa askari wa kinga. Kumweka aliyeficha ushahidi kwenye kundi la kwanza kabisa kunaonyesha jinsi suala la kinga lilivyo la dharura kwa kirusi.

ICP22 huelezwa kwa kifupi mno vitabuni. Hubadilisha mpangilio wa fosfati kwenye mkia wa RNA polimerasi ya pili, na hivyo kubadilisha namna inavyosafiri juu ya jeni. ICP0 iko swali la 6, ICP4 la 8, ICP27 la 9.

8. ICP4 inawasha jeni au inazima?

Yote mawili, na anayetaka jibu moja atapotea. Bila ICP4, jeni za beta na gama karibu zote hazinakiliwi, na kirusi hakizaliani. Huwasha kwa kukaa juu ya DNA ya kirusi na kuvuta vifaa vya seli vya kuanzisha kunakili, hasa TFIID na Midieta.

Lakini mbele ya jeni ya ICP4 yenyewe kuna mahali ambapo protini hii hukaa karibu kabisa na pale kunakili kunapoanzia, na hapo huzuia. Kwa hiyo ikishakuwa nyingi hujipunguza yenyewe. Kuwasha au kuzima hutegemea imekaa wapi ikilinganishwa na mwanzo wa jeni, na ni vifaa gani vingine vipo jirani.

9. ICP27 inahusikaje, wakati haionekani kuwasha jeni?

Kazi yake kubwa iko kwenye RNA. Ndani ya seli zetu, RNA nyingi huwa na vipande vya kukatwa na kuondolewa, na ukataji huo huenda sambamba na kuitayarisha RNA kutoka kwenye kiini. Jeni nyingi za HSV-1 hazina vipande hivyo, kwa hiyo RNA zake zingeweza kubaki ndani zikizubaa. ICP27 hushika RNA ya kirusi, huita ALYREF na NXF1, wasafirishaji wa seli, na RNA inatoka. Kisha hurudi kwenye kiini kuchukua nyingine.

Upande wa pili, ICP27 huvuruga ukataji wa RNA za seli, na mwenyeji hupata hasara. Kumbuka tu kwamba jeni ya ICP0 ina vipande vya kukatwa, kwa hiyo "kirusi hiki hakina kabisa" si sahihi.

Protini ya ukoo huu ipo katika virusi vyote vikuu vya jamii ya herpesi: CMV ina UL69, EBV ina SM, KSHV ina ORF57. Kitu kinapobakizwa na ndugu wote waliotengana zamani sana, ni dalili kwamba bila hicho maisha ni magumu.

10. Kwa nini protini za seli hupungua baada ya maambukizi?

Pamoja na ICP27, kuna vhs, kimeng'enya kingine kinachoingia ndani ya tegumenti. Hukata RNA za seli, ribosomu zikabaki huru kusoma za kirusi. Haina ubaguzi mkubwa, hukata za kirusi pia, na hilo lina faida yake: RNA za fungu lililokwisha kazi huondoka upesi na fungu jipya hupata nafasi. Baadaye VP16 na VP22 huishika vhs na kuipunguzia makali. KSHV hufanya kazi hiyo kwa protini isiyo ya ukoo wake, iitwayo SOX.

## Jeni za mwisho

11. Kwa nini jeni za gama husubiri DNA idurufiwe kwanza?

Ukizuia kudurufu DNA ya kirusi kwa dawa, jeni za alfa na beta zinawaka, lakini gama halisi hazionekani au huonekana kidogo mno. Zipo gama za kati, ambazo huanza mapema na kuongezeka sana baada ya kudurufu. Jeni ya VP16 kwa kawaida huwekwa hapo.

Sababu moja ni idadi: violezo vikiwa vingi, nakala ni nyingi. Haitoshi peke yake. DNA mpya iliyotoka kudurufiwa iko wazi zaidi, na ICP8, protini inayoshika DNA ya uzi mmoja wakati wa kudurufu, huhusika pia katika kuwasha jeni hizi.

EBV, CMV na KSHV vimekwenda mbali zaidi. Vina kundi la protini sita zinazoungana mbele ya jeni za mwisho, mojawapo ikichukua nafasi ya ile protini ya seli inayotambua herufi TATA. Ya kirusi hutambua TATT. Badiliko la herufi moja linatosha kutenga jeni za mwisho na nyingine zote. HSV-1 hakina kundi hilo, kwa hiyo usiazime maelezo ya EBV kujibu mtihani wa HSV-1.

## Kulala na kuamka

12. Kirusi kikilala, protini hizi ziko wapi?

Hazipo, au zipo kwa kiasi kidogo sana. HSV-1 hulala ndani ya seli za neva, hasa kwenye fundo la neva ya trijemino ndani ya fuvu. HSV-2 hupendelea mafundo ya neva yaliyo chini ya uti wa mgongo. Kirusi hufika huko kwa kupanda ndani ya uzi mrefu wa neva, na katika safari hiyo gamba hufika bila VP16 ya kutosha. Tena, kwenye seli hizo HCF-1 hukaa zaidi nje ya kiini. Aliyetakiwa kuwasha jeni za alfa amekosa usafiri na msindikizaji.

Histoni zenye alama za kuzima huifunika DNA. Eneo moja tu hunakiliwa kwa wingi, liitwalo LAT, ambalo halijulikani kwa kutoa protini. Hutoa RNA, zikiwemo RNA ndogo sana. Mojawapo, miR-H2, inalingana na RNA ya ICP0 kwa sababu imenakiliwa kutoka uzi wa pili wa DNA mahali hapohapo.

13. Nini hukiamsha?

Homa, jua kali, jeraha la neva, msongo, na kinga kushuka. Ndani ya seli ya neva, dalili hizo hupita kwenye njia ya vimeng'enya iitwayo JNK. Baadhi ya jeni za kirusi huanza kunakiliwa ovyo bila kufuata mafungu ya swali la 4. VP16 inatengenezwa upya palepale, HCF-1 inaingia kwenye kiini, na baada ya hapo utaratibu wa kawaida unashika kasi. Uamkaji mwingi huishia njiani, pasipo kutokea lengelenge.

14. EBV nayo huamka vivyo hivyo?

Hapana, na kisa chake kinatuhusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya wa watoto ambao leo tunauita limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na Anthony Epstein alikuwa ukumbini. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli hizo kwa darubini ya elektroni. Watoto hao wa Uganda ndio mwanzo wa elimu yote ya EBV, na nadhani mwanafunzi wa Makerere, Muhimbili au Nairobi anastahili kuambiwa hivyo siku ya kwanza ya somo.

EBV hulala ndani ya seli B za damu. Hutunzwa humo na EBNA1, protini inayoishika DNA ya kirusi na kuiambatisha kwenye kromosomu ili seli ikigawanyika, nayo igawiwe. Ndani ya limfoma ya Burkitt ya kawaida, EBNA1 ndiyo protini ya EBV inayobaki karibu peke yake. Nyingine zimezimwa, na kinga haioni cha kushambulia.

Kuamka kunaanzishwa na Zta, zao la jeni BZLF1, ikisaidiwa na Rta. Kwa kawaida vikundi vya methili vikibandikwa kwenye DNA, jeni huzimika. Zta hupendelea baadhi ya mahali palipobandikwa methili. Kirusi kinachoingia kwa mara ya kwanza hakina methili, kwa hiyo Zta haiwezi kukamilisha kazi. Lazima seli kwanza iibandike, yaani ijaribu kukizima. Alama ya kuzima ndiyo inayogeuka kuwa sharti la kuamka.

15. Na KSHV?

Kinafanana na EBV kwa sura: LANA hufanya kazi ya EBNA1, na RTA peke yake inatosha kuanzisha uamkaji. RTA hushirikiana na RBP-Jκ, protini ya seli ambayo EBV huitumia kupitia EBNA2 kwa lengo tofauti, la kuikuza seli B. Kirusi hiki kilitambuliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore nchini Marekani, ingawa sarkoma ya Kaposi ilikuwa imejulikana Uganda na Kongo kabla UKIMWI haujajitokeza.

## Dawa, tiba na vipimo

16. Aciclovir huzuia protini hizi?

Haizigusi. Aciclovir humezwa ikiwa haina makali, kisha thaimidini kinasi, kimeng'enya cha kirusi, huibadilisha, na mwishowe hukwamisha kudurufu kwa DNA. Kinasi hiyo ni zao la jeni ya beta, na beta haiwaki bila alfa (swali la 4). Kwenye neva ambamo kirusi kimelala hakuna alfa, hakuna kinasi, na hakuna DNA inayodurufiwa. Ndiyo sababu dawa hufupisha lengelenge na kupunguza kurudi kwake, lakini haikiondoi kirusi.

17. Ipo dawa iliyolenga protini ya usimamizi?

Ipo moja iliyofika sokoni: fomivirsen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Ilikuwa kipande kifupi cha DNA kilichobadilishwa kikemia, kinachoshikana na RNA ya IE2, msimamizi mkuu wa CMV, ili protini isitengenezwe. Ilidungwa ndani ya jicho kwa wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wakipoteza kuona kwa sababu ya CMV. Dawa za kufubaza VVU zilipoenea, wagonjwa hao wakapungua sana na fomivirsen ikaondolewa sokoni.

18. Kirusi kisicho na protini hizi kinaweza kutumika kama tiba?

Ndiyo. Kirusi kisicho na ICP4 hakizaliani, kwa hiyo hukuzwa maabara ndani ya seli zilizotengenezwa kukipa ICP4, kisha hutumiwa kubeba jeni kwa mgonjwa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha jeli ya kupaka, beremagene geperpavec, kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi wa ngozi inayochubuka kwa kuguswa tu. Ni HSV-1 kilichoondolewa ICP4 na ICP22, kikabebeshwa jeni ya kolajeni ya aina ya saba. Kabla yake, mwaka 2015, iliidhinishwa T-VEC, nayo ni HSV-1, dhidi ya saratani ya ngozi ya melanoma; kirusi hicho huzaliana, lakini kimeondolewa ICP34.5 na ICP47.

19. Je, hospitali hupima protini hizi?

Kwa malengelenge, mara nyingi hapana: hutafutwa DNA ya kirusi kwa PCR kutoka kwenye kidonda, au kingamwili kwenye damu. Kwa EBV, kingamwili dhidi ya EBNA1 huchelewa kutokea, hivyo zikiwepo huashiria maambukizi ya zamani. Kwa CMV, kabla ya PCR kuenea, maabara ziliotesha sampuli kwenye seli na kutafuta protini za alfa kesho yake. Zikionekana, kirusi kilichomo ni hai, na daktari hakulazimika kungoja wiki nzima mpaka seli ziharibike.